Upatanifu wa Printa na Modemu katika Historia ya Kompyuta ya Commodore 64, 1982–1994

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta za nyumbani imezoeleka kuandikwa kama historia ya mashine zenyewe: nani aliibuni, iliuzwa kwa bei gani na ilishindana na ipi. Vifaa vilivyoambatana na mashine hizo hutajwa kwa ufupi tu. Hata hivyo, kwa mnunuzi wa kawaida, kompyuta isiyoweza kuchapisha barua wala kupeleka ujumbe kwa njia ya simu ilikuwa na manufaa machache. Makala haya yanachunguza suala la upatanifu wa printa na modemu kwa kutumia mfano wa Commodore 64, kompyuta iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 na kukoma kutengenezwa mwaka 1994. Hoja ya msingi ni kwamba upatanifu haukuwa sifa ya asili ya kifaa. Ulitokana na maamuzi ya kibiashara, na sehemu kubwa ya gharama ya maamuzi hayo ilimwangukia mnunuzi.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa suala hili kwa kulinganisha na upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi, nomino huamua viambishi vya kitenzi na vivumishi. Kiambishi kikikosewa, maneno yote yapo lakini sentensi imevunjika. Vivyo hivyo, printa nzima na kompyuta nzima zinaweza kuwekwa juu ya meza moja zisielewane hata kidogo.

2.0 Usuli wa Tatizo

Kompyuta ya awali ya Commodore, yaani PET ya mwaka 1977, iliwasiliana na vifaa vyake kwa kiwango cha IEEE-488, kilichokuwa kikitumika katika vyombo vya maabara. Kiwango hicho kilikuwa cha haraka na cha kuaminika, lakini nyaya na viunganishi vyake vilikuwa ghali. Kampuni ilipobuni VIC-20 kwa ajili ya soko la nyumbani, ilipunguza gharama kwa kutumia njia yake yenyewe iliyopeleka biti moja baada ya nyingine kupitia kiunganishi cha pini sita. Commodore 64 iliirithi njia hiyo.

Uamuzi huo ulisaidia kuiuza mashine kwa dola 595 mwaka 1982, na kwa takribani dola 200 mwaka uliofuata. Lakini kompyuta haikuwa na tundu la Centronics, lililotumiwa na printa nyingi za wakati huo, wala tundu kamili la RS-232, lililotumiwa na modemu nyingi. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kilichopunguzwa katika bei ya kompyuta kilirudi katika bei ya vifaa vya kuiunganishia.

3.0 Printa: Tundu, Msimbo na Nukta

Njia iliyokuwa nyepesi ni kununua printa ya Commodore yenyewe, kama vile 1525 au MPS-801. Printa hizo ziliunganishwa kwa waya uleule wa kiendesha diski na kutambuliwa kwa namba 4 au 5. Udhaifu wao ulionekana kwenye karatasi. Kila herufi iliundwa kwa nukta saba tu kwenda chini, hivyo mikia ya herufi kama g, j, p na y haikuweza kushuka chini ya mstari. Barua ya kikazi iliyochapwa hivyo ilionekana duni.

Waliotaka maandishi bora walitazama printa za Epson na nyingine zilizoiga amri zake. Hapo walikabili vikwazo vitatu. Cha kwanza kilikuwa umbo la tundu lenyewe. Cha pili kilikuwa msimbo. Commodore ilitumia PETSCII, ambayo katika hali ya herufi ndogo na kubwa huziweka herufi ndogo kwenye namba 65 hadi 90. Katika ASCII, namba hizohizo ni za herufi kubwa. Maandishi yaliyopelekwa bila kutafsiriwa yalitoka na herufi kubwa mahali pa ndogo. Cha tatu kilikuwa mpangilio wa nukta za picha. Katika 1525 biti ya chini kabisa huwakilisha nukta ya juu, na kila safu wima ina nukta saba. Katika Epson biti ya juu kabisa ndiyo nukta ya juu, na safu ina nukta nane. Picha iliyokusudiwa printa moja ilivurugika katika nyingine.

Pengo hilo lilizibwa na kampuni ndogo, zikiwamo Cardco na Xetec, zilizouza viunganishi vyenye uwezo wa kutafsiri. Kiunganishi cha aina hiyo kilijitambulisha kwa kompyuta kama printa ya 1525, kikabadilisha msimbo na nukta, kisha kikaipelekea Epson amri inazozielewa. Mnunuzi alilazimika kupanga swichi ndogo kulingana na printa aliyonayo. Swichi moja ikikosewa, mistari iliweza kuchapwa yote juu ya mstari mmoja, au karatasi kuruka mistari miwili kila mara.

4.0 Modemu: Volti na Kanuni za Simu

Kwa upande wa modemu, tatizo lilikuwa la umeme kabla ya kuwa la lugha. Mlango wa nyuma wa Commodore 64 ulitoa ishara za volti 0 na 5. Kiwango cha RS-232 hutumia volti hasi kwa moja na volti chanya kwa sifuri. Waya peke yake haukutosha. Ilihitajika sakiti ya kukuza volti na kugeuza ishara.

Commodore ilijibu kwa kuuza modemu iliyochomekwa moja kwa moja katika mlango huo. VICModem ya mwaka 1982 iliuzwa kwa takribani dola 100, wakati Smartmodem ya Hayes ilikuwa imeingia sokoni mwaka uliotangulia kwa karibu dola 300. Ilipeleka biti 300 kwa sekunde, lakini haikuweza kupiga namba. Mtumiaji alipiga simu kwa mkono, akasubiri mlio, kisha akachomoa waya wa mkonga na kuuchomeka katika modemu. Simu ambayo waya wa mkonga wake haukuchomoka haikufaa.

Hata hatua hiyo isingewezekana bila mabadiliko ya sheria. Hadi uamuzi wa Carterfone wa mwaka 1968, AT&T ilizuia wateja nchini Marekani kuunganisha vifaa vya watu wengine katika mtandao wake. Nje ya Marekani kulikuwa na kikwazo kingine: modemu za Bell 103 na zile za V.21 zilizotumika Ulaya zote zilikuwa na kasi ya biti 300, lakini kwa milio ya masafa tofauti. Hazikuelewana.

Baadaye Commodore ilitoa 1670, modemu ya biti 1,200 iliyopokea amri za mtindo wa Hayes. Kufikia hapo, lugha ya kampuni nyingine ilikuwa imegeuka kuwa lugha ya wote.

5.0 Mjadala

Si haki kudai kwamba mfumo wa Commodore haukuwa na faida. Aliyenunua vifaa vya kampuni hiyo pekee aliviunganisha kwa mfululizo, kimoja nyuma ya kingine, bila kufungua kompyuta. Wapinzani wake nao hawakuwa tofauti sana: kompyuta za Atari zilihitaji kisanduku cha 850 ili kupata matundu ya RS-232 na Centronics. Tofauti inayostahili kuzingatiwa ni kati ya aliyekuwa na uwezo wa kununua kifaa cha ziada na aliyebaki na alichokipata mwanzo.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba vikwazo vya tundu, msimbo na volti vilitokana na juhudi za kupunguza bei ya kompyuta, na kwamba vilitatuliwa zaidi na watafsiri wa kati kuliko na mtengenezaji. Suala hili halijapitwa na wakati. Barua, hesabu na tungo za miaka ile bado zimo katika diski ambazo kompyuta za leo haziwezi kuzisoma moja kwa moja. Anayetaka kuzichapisha hulazimika kutafuta kiunganishi kinachozijua lugha zote mbili. Kwa hiyo, wahifadhi wa nyaraka wanapotunza mashine ya zamani, watunze pia waya wake, kiunganishi chake na kitabu chenye mpangilio wa swichi zake. Mashine bila hivyo ni bubu.