Simu yako ukiwa ng'ambo: Namna ya kuielekeza na kupiga kwa intaneti

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayekwenda Dubai au Guangzhou kununua bidhaa hufikiria kwanza pasipoti, viza na fedha. Simu huikumbuka mwisho, pengine akiwa tayari uwanja wa ndege. Hata hivyo, ni simu hiyo hiyo inayoweza kummalizia salio hata kama hakumpigia mtu yeyote.

Sababu ni kwamba laini ya nyumbani inapotumia mtandao wa nchi nyingine, huduma iitwayo romingi, anayepiga kutoka Dar es Salaam hulipa bei ya kawaida ya ndani ya nchi. Safari ya simu hiyo kutoka nyumbani hadi ng'ambo kwa kawaida hulipiwa na mwenye laini anayeipokea.

Gharama huongezeka pale laini inapokuwa na kisanduku cha ujumbe wa sauti. Simu isiyopokelewa Dubai inaweza kurudishwa nyumbani ili mpigaji aache ujumbe. Hapo simu moja imevuka mipaka mara mbili, na mwenye laini anaweza kutozwa kwa safari zote mbili.

Kuelekeza simu kabla ya safari

Dawa yake ni kuelekeza simu zote kwenye namba nyingine kabla ya kuondoka. Simu hugeuzwa hapo hapo nyumbani, bila kumfuata msafiri. Bonyeza *21*, andika namba itakayopokea, malizia kwa alama ya reli (#), kisha piga. Ukitaka kuhakiki, piga *#21#. Kuondoa maelekezo hayo, piga ##21#.

Namba 67 hutumika kuelekeza simu pale tu laini inapokuwa na mazungumzo mengine, 61 isipopokelewa na 62 isipopatikana. Kufuta maelekezo yote kwa pamoja, piga ##002#.

Kumbuka kwamba anayeelekeza ndiye anayelipia kipande cha pili cha safari. Ukielekeza kwa msaidizi wako dukani, utatozwa bei ya simu ya ndani ya nchi. Ukielekeza kwenye laini uliyonunua ng'ambo, utatozwa bei ya simu ya kimataifa. Aidha, baadhi ya kampuni haziruhusu kuelekeza simu nje ya nchi, hivyo ni vyema kuuliza mapema.

Kupiga kwa intaneti

Tangu mwaka 2015 WhatsApp imekuwa na huduma ya kupiga simu, na namba ya nyumbani huendelea kutumika humo hata msafiri akiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli. Lakini simu ya kawaida haiwezi kuelekezwa ndani ya WhatsApp. Huhitaji namba kamili ya simu. Zipo kampuni zinazouza namba za simu zinazopokelewa kwa intaneti. Skype, iliyoanza mwaka 2003, ilikuwa mashuhuri kwa huduma hiyo hadi ilipofungwa Mei 2025.

Si kila nchi inayoruhusu simu hizo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ujumbe wa maandishi wa WhatsApp hupita lakini simu zake huzuiwa. Zinazoruhusiwa ni programu zenye leseni, kama BOTIM. China ilifunga WhatsApp mwaka 2017, na wenyeji hutumia WeChat. Programu inayofaa ipakuliwe na kujaribiwa na ndugu wa nyumbani kabla ya safari.

Jihadhari

Kuelekeza simu hakuhamishi ujumbe mfupi. Namba za siri zinazotumwa na benki kwa ujumbe mfupi huendelea kwenda kwenye laini ya nyumbani. Usiitupe wala kumwachia mtu. Ibaki ndani ya simu, na intaneti ya romingi izimwe.

Matapeli nao wanaijua njia hii. Humpigia mtu wakijifanya watoa huduma na kumtaka abonyeze nyota, namba fulani na alama ya reli. Akitii, simu zake huhamia kwao, zikiwamo zile zinazosoma namba ya kuthibitisha akaunti ya WhatsApp. Usibonyeze namba usiyoielewa. Ukishuku jambo, piga *#21# uone simu zako zinakwenda wapi, na urejeapo nyumbani usisahau kupiga ##21#.