Nambari si watu: namna ya kusoma takwimu za tovuti yako

Siku hizi mfanyabiashara mdogo hahitaji fundi ili awe na tovuti. Huduma kama Wix, Squarespace na WordPress.com humpa kila kitu tayari: huchagua muundo, akaweka picha, bei na nambari ya simu, basi. Ndani ya huduma hizo mna ukurasa wa takwimu unaoonyesha ni wangapi walioingia, wametokea wapi na wamesoma nini. Aghalabu watu huutazama kama matokeo ya mpira: nambari ikipanda wanafurahi, ikishuka wananuna. Hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu tangazo hulipiwa au husimamishwa kwa nambari ambayo mwenyewe haielewi.

Nitatumia mfano wa Nakuru, maana nina jamaa huko wenye biashara, na maswali yao ndiyo yaliyonifanya niyaandike haya. Kaunti ile ina Ziwa Nakuru, kreta ya Menengai, Hell's Gate na Naivasha, na mji wenyewe ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tuseme una nyumba ya wageni pale, vyumba 6, na tovuti yake.

Kwanza, tofautisha mambo matatu: kurasa zilizofunguliwa, ziara, na wageni. Chukua mtu mmoja. Asubuhi anafungua kurasa 4 kwa simu. Baada ya Isha anarudi kwa kompyuta na kufungua 2. Takwimu zitaandika kurasa 6, ziara 2 na wageni 2, kwa sababu simu na kompyuta huhesabiwa kila kimoja mbali. Mtu bado ni mmoja. Kwenye Wix na Squarespace, ziara hufungwa mtu akikaa kimya dakika 30. Akirudi baadaye, huanza ziara nyingine. Kwa hivyo anayekuuzia tangazo akikuambia "umefunguliwa mara 600", muulize: ni wageni wangapi?

Pili, wametokea wapi. Takwimu hugawa wageni kwa chanzo: waliokuja kwa kutafuta Google, kwa Facebook, kwa tovuti nyingine, na "moja kwa moja". Hili la mwisho huwachanganya wengi. Wanadhani ni watu walioandika anwani kwa mkono. Waama, ni kapu la kila ambaye chanzo chake hakikujulikana, na mara nyingi aliyebonyeza kiungo alichotumiwa WhatsApp huangukia humo. Kwetu, ambako habari za arusi, matanga na biashara zote hupita kwenye makundi ya WhatsApp, kapu hilo likijaa huenda ni jamaa na marafiki wanaokusambaza. Usilidharau.

Tatu, miji. Mfumo hukisia mahali kwa anwani ya intaneti, na mtandao wa simu mara nyingi hupitisha mawasiliano Nairobi. Matokeo yake, mtu aliyekaa Bondeni au Section 58, hapo hapo Nakuru, anaweza kuandikwa kuwa yuko Nairobi. Ukikata tamaa kwamba "Nakuru hawanijui" kwa kuangalia orodha hiyo tu, utakuwa umehukumu bila ushahidi. Orodha ya nchi ni ya kuaminika zaidi kuliko ya miji, ila nayo huvurugwa na wanaotumia VPN.

Nne, kalenda. Wengi hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huo mwaka jana. Kwa Naivasha, hilo lina mtego. Mbio za magari za Safari Rally zilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, zikafanyika Juni hadi 2023, kisha mwaka 2024 zikahamishiwa mwisho wa Machi. Mwenye nyumba ya wageni akilinganisha Juni 2023 na Juni 2024 ataona anguko, na anaweza kudhani tovuti imeharibika. Sisi Waislamu tuna jambo jingine: Ramadhani na Idi husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu. Linganisha Idi na Idi, mbio na mbio, likizo na likizo.

Tano, saa. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe tovuti inafuata saa ya Nairobi. Ikiwa imeachwa kwenye saa ya kimataifa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, anayekusoma saa saba usiku ataandikwa kuwa alikuja jana. Angalia pia kama ziara zako mwenyewe zinahesabiwa. Ukiifungua tovuti mara 20 kwa siku kukagua picha, unajipigia makofi mwenyewe. Nambari ikiruka ghafla kutoka nchi usiyo na mteja hata mmoja, huenda ni programu zinazozunguka mtandaoni, si binadamu.

Sita, na hili ndilo kubwa: tafuta kitendo. Mgeni wa tovuti halipi chumba. Anayepiga simu au kubonyeza WhatsApp ndiye aliye karibu kulipa. WordPress.com, kwa mfano, huonyesha viungo vilivyobonyezwa. Ukurasa wa bei ukisomwa sana na hakuna anayebonyeza, tazama bei, picha, au kama nambari ya simu inaonekana bila kutafutwa.

Halafu kuna amana. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhusu hata ukiwa mdogo. Takwimu za jumla ni sawa. Lakini ukianza kukusanya majina na simu, mwambie mtu unazitakia nini, na usizigawe.

Mwisho, weka daftari. Kila Jumatatu andika mambo matatu: wageni wa wiki, waliobonyeza kuwasiliana, na vyumba vilivyolipiwa. Kila mteja anayefika muulize, "Umetujuaje?" na uandike jibu lake. Baada ya miezi mitatu, tangazo lililoongeza kurasa bila kuongeza simu utalijua, na utalikata bila kubishana na mtu.