NDEGE RUKH NA KAKA LA YAI

Nianze na aibu yangu mwenyewe kabla sijafika kwa Marco Polo na Ibn Battuta, manake bila ya aibu hiyo makala haya nisingeyaandika.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia. Hakuwa nahodha, ingawa watu wa mtaani walimwita nahodha kwa heshima ya uzee. Yeye alikuwa mtu wa kamba na tanga, mtu wa kufua maji ngamani. Ujanani mwake alikwenda na majahazi mpaka Ngazija, na mara mbili alifika Bukini. Bukini ndiyo Madagaska. Hivyo ndivyo wazee wetu wa pwani walivyoiita zamani, na watu wake wakaitwa Wabuki. Jioni, akishaswali Magharibi, hukaa barazani, nasi wajukuu tukamzunguka: "Babu, tupe ya Bukini." Naye hutupa ile ile. Kwamba huko Majunga, katika nyumba ya mwenyeji wao, aliona kaka la yai limekatwa juu kama dafu, mwenye nyumba anawekea mchele. Yai moja, kubwa kama mtungi mdogo. Tukimwuliza ni la ndege gani, atajibu, "La ndege wa huko wa zamani. Keshakwisha."

Nilipokuwa darasa la sita mwalimu wetu mmoja akatupa insha, "Maajabu ya Dunia". Wenzangu wakaandika ndege za abiria na maghorofa. Mimi nikaandika yai. Bwana we! Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa zima, watu wakacheka mpaka wakalala juu ya madawati, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: UONGO, HIZI HADITHI ZA SINDBAD. Kutoka siku ile jina langu likawa Rukh, na nikalichukua mpaka nilipomaliza la saba.

Jina halikuniumiza sana. Kilichoniumiza baadaye ni kile nilichokifanya mimi. Siku chache baada ya hapo Babu alianza tena ya Bukini, wadogo zangu wamekaa, na mgeni mmoja yupo. Nikasema kwa sauti, "Babu, mwalimu kasema hayo ni uongo." Akanitazama. Akasema, "Haya." Na lile yai hakulitaja tena mbele yangu mpaka anakufa.

Sasa tumjue huyo Rukh, nikitukanwa naye nijue natukanwa na nani. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanamkumbuka. Katika safari yake ya pili Sindbad anaachwa kisiwani, anaona kuba jeupe lisilo na mlango, analizunguka, kumbe ni yai. Jua linafunikwa, ndege anashuka kulilalia, na Sindbad anajifunga kwa kilemba chake kwenye mguu wa ndege yule ili arushwe atoke kisiwani. Katika safari ya tano wafanyabiashara wanalivunja yai kwa upumbavu wao, na wazazi wawili wanakuja angani na majabali makuchani, wanaizamisha jahazi. Hiyo ni hadithi, na aliyeisimulia alijua anasimulia hadithi.

Lakini Ibn Battuta hakuwa mtunga hadithi, au tuseme hakukusudia kuwa. Huyu ndiye yule aliyepita kwetu mwaka 1331, akafika Mogadishu, akalala Mombasa, akaenda Kilwa na kumsifu sultani wake kwa ukarimu. Miaka kama 15 baadaye alikuwa katika bahari za mashariki akirudi kutoka Uchina. Anasimulia kwamba alfajiri moja waliona mlima baharini, na upepo unawasukuma huko huko. Mabaharia wakashangaa, kwa sababu mahali pale hapakuwa na mlima. Watu wakaanza kutubu, wafanyabiashara wakaweka nadhiri za sadaka, na yeye mwenyewe Ibn Battuta akawa karani wa kuziandika nadhiri zile. Jua lilipochomoza wakauona mlima umenyanyuka, mwanga unapita kati yake na maji. Hapo mabaharia wakalia na kuagana. Wakasema ule si mlima, ni Rukh, na akituona tumekwisha. Kisha Mungu akaleta upepo mwingine ukawapeleka kando, wasimwone tena wala wasijue umbo lake.

Hebu itazame vizuri habari hii. Ibn Battuta hasemi kaona ndege. Kaona kitu kimeelea, na kawaona mabaharia wanalia. Mtu wa leo atasema yalikuwa mazigazi, kwani hewa ya asubuhi juu ya bahari inaweza kukinyanyua kisiwa machoni pa mtu kikaonekana kinaning'inia. Nakubali. Lakini kilio kile hakikuwa mazigazi. Watu wazima, wenye kazi yao, walikuwa na jina tayari la kile kitu, na jina lile walilitoa katika bahari hii yetu.

Marco Polo ndiye aliyempeleka Rukh Ulaya. Mwaka 1298, akiwa mfungwa Genoa, alimsimulia mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa, habari za safari zake, na katika kitabu kile kuna sura ya Madagaska. Marco hakufika. Alisikia kwa watu. Anasema kisiwani kuna tembo wengi na ngamia wengi, na kwamba kusini zaidi kuna ndege mfano wa tai, lakini mabawa yake yakikunjuliwa ni hatua 30, na unyoya mmoja ni hatua 12. Ndege huyo humnyakua tembo, akampandisha angani, akamwachia apasuke chini, kisha akamla.

Sasa tembo wa Madagaska! Bukini haina tembo, na ngamia kule si wa wenyeji. Wataalamu wengi wanaona kwamba Marco alichanganya Mogadishu na Madagaska, akavipika katika chungu kimoja. Mimi hili lilinichekesha peke yangu maktabani. Mtu ambaye hakufika, aliyechanganya bara na kisiwa, kitabu chake kinasomwa miaka 700. Babu aliyefika mara mbili alipata kalamu nyekundu.

Hata hivyo tusimwonee Marco, kwa sababu jambo moja alilisikia sawasawa. Alisema jahazi hazithubutu kwenda kusini zaidi, kwani mkondo wa maji unaokwenda kusini una nguvu na kurudi ni taabu. Muulize baharia yeyote wa mlango wa Msumbiji atakwambia mkondo huo upo. Kwa hiyo maneno yale yalitoka kwa mabaharia kweli, watu wa njia ya Sofala, ambako dhahabu ilitoka na ambako safari ziliishia. Kule mbele ya mwisho wa safari ndiko Rukh alikokaa. Na mimi naona hilo si ajabu, maana ndege wa namna hii siku zote hukaa bandari moja mbele ya ile uliyofika.

Kuna na habari ya unyoya. Nakala ya kitabu cha Marco iliyochapwa na Ramusio huko Venice mwaka 1559 inasema Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia, alituma wajumbe, nao wakamrudishia unyoya wa Rukh wenye urefu wa shibiri 90. Mwingereza Henry Yule, aliyekifasiri kitabu hicho katika karne ya 19, hakuridhika kuucheka unyoya ule. Alijiuliza ni kitu gani cha nchi hizi kinachoweza kudanganya macho ya mfalme. Akadhani ni kuti la mwale. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, akampelekea makuti ya mwale ayaone. Wewe uliyezaliwa vijijini pwani huhitaji kupelekewa: miti ya jamii ya mwale ina majani marefu kuliko mimea yote duniani, mengine hufika mita 20, na uti wake ukikauka ni mwepesi, umenyooka, una umbo la bua la unyoya hasa. Utotoni tulikuwa tukifanyia mapanga ya kuchezea. Kumbe tulikuwa tukipigana kwa manyoya ya Rukh.

Basi huo ni unyoya. Yai je?

Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa ngome ya Wafaransa kusini ya Madagaska, alitoa kitabu juu ya kisiwa kile. Ndani yake kuna mistari michache kuhusu ndege mkubwa, wenyeji wakimwita vouroun patra, anayetaga mayai kama ya mbuni na kukaa mahali pasipo watu ili asikamatwe. Mistari ile ilikaa karibu miaka 200 bila ya mtu kuijali sana. Hadi mwaka 1851 mjini Paris, Isidore Geoffroy Saint-Hilaire alipoweka mbele ya Chuo cha Sayansi mayai na mifupa iliyotoka Madagaska, ndipo wakubwa wakanyamaza. Wakampa ndege jina la Aepyornis. Urefu wake mita 3, uzito wake nusu tani na kuzidi. Yai lake lina urefu wa sentimita 30 hivi, na ndani yake huingia lita 8 na zaidi, yaani kama mayai ya kuku 150.

Nilipoisoma namba hiyo ya mwisho nilifunga kitabu nikatoka nje.

Lakini ndege huyu hakuruka, na hapa ndipo penye utamu. Alikuwa mtembezi, mla majani na matunda, mabawa yake vijiti tu. Tena mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ndugu yake wa karibu aliye hai ni kiwi wa New Zealand, ndege wa ukubwa wa kuku! Basi nani alimpa mabawa ya hatua 30?

Wapo wanaosema walimpa Waajemi, waliokuwa na Simurgh wao, na Waarabu na Anqa wao, ndege wa hadithi wa kale kuliko safari za Sofala. Ni kweli, ndege hao walikuwapo vinywani, na sidhani kwamba Rukh mzima katoka katika yai moja la Bukini. Wengine wanamtaja tai. Mwaka 1994 mifupa ya tai mkubwa wa Madagaska aliyekwisha toweka ilipewa jina, Stephanoaetus mahery, naye alikuwa mwindaji hodari, lakini mawindo yake yalikuwa wanyama wa mitini na si tembo. Mimi nadhani mabaharia walifanya hesabu, basi. Umeokota yai ufukweni, ndege wake humwoni, alama zake huzioni, na wenyeji wanakwambia hayupo. Utamweka wapi ndege wa ukubwa huo asionekane? Utamweka angani. Tena mayai yale hayakai ufukweni tu. Mawili yameokotwa Australia ya magharibi, la kwanza mwaka 1930, la pili mwaka 1992, na hilo la pili waliolifukua mchangani ni watoto wa shule. Yalielea kutoka Madagaska, yakaivuka Bahari ya Hindi nzima. Mtu aliye jahazini, siku 20 hajaona nchi kavu, akiliona yai jeupe kama kichwa linapanda na kushuka na mawimbi, mwambie limetagwa na ndege asiyeruka kama atakusadiki.

Walioishi naye walimmaliza pole pole. Moto wa mashamba, ng'ombe, na bila shaka yai lenyewe, kwani yai moja lilitosha kulisha ukoo. Inakadiriwa ametoweka kama miaka 1000 iliyopita, maana yake Marco alipokuwa gerezani Genoa huenda ndege alikuwa keshakuwa makaka matupu. Makaka ndiyo yaliyobaki, na watu wa Bukini wakayafanyia kazi ya vyombo. Mwaka 2013 yai moja zima liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 66,000. Sikuhesabu ni magunia mangapi ya mchele.

Nilitoa kivuli cha ile picha ya kitabuni: mtu kalishika yai kwa mikono miwili, na pembeni yai la kuku. Nikampelekea mama yangu, manake Babu ameshatutoka. Shikamoo, marahaba, nikamwekea picha mapajani, nikaanza kumweleza mambo ya Paris na ya mwaka 1851. Akanisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza habari ya zamani. Kisha akaweka kidole juu ya picha, akasema, "Hili zima. Lile la baba lilikuwa na ufa huku chini, wameuziba kwa sandarusi."

Habari ya ufa mimi sikuambiwa. Nikamwuliza alimwambia lini.

"Alikuwa akinisimulia siku zote," akasema mama. "Mpaka mwaka ule anaumwa."