Nani Mtunzi? Filamu ya Bi Kidude Mbele ya Watazamaji wa Tanga

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya, tamthiliya na ushairi. Filamu za maisha halisi hatuzigusi sana, kana kwamba jambo likishapigwa picha limekwisha kuhakikiwa na kamera yenyewe. Makala hii inachunguza filamu moja ya aina hiyo, As Old As My Tongue, iliyoongozwa na Andy Jones na kutoka mwaka 2006, inayohusu maisha ya Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude wa Unguja. Nimeitazama mara tatu, mbili Ngamiani pamoja na majirani, na moja Pangani pamoja na jamaa zangu. Kilichonifanya nishike kalamu ni ubishi wa watazamaji, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipimo chake cha ukweli, na vipimo hivyo havikufanana hata kidogo.

Ubishi wa kwanza, kama unavyotarajiwa, ulikuwa wa umri. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na hadi leo hakuna anayeweza kutaja siku aliyozaliwa. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba alizaliwa zama za rupia. Mzee mmoja wa Ngamiani aliposikia hivyo alipiga hesabu papo hapo. "Rupia ni Mjerumani. Mjerumani kaondoka Tanga 1916. Basi, kuna la kuuliza tena hapo?" Kwa wazee wa hapa hesabu hiyo ina mantiki kamili, maana wazazi wao walihesabu miaka kwa matukio: kabla ya Vita vya Nyuki, baada ya Vita vya Nyuki, wakimaanisha mapigano ya Novemba 1914 ambapo Waingereza na askari wao wa Kihindi walitimuliwa ufukweni Tanga, na nyuki nao wakachangia.

Lakini mzee wangu alisahau bahari iliyo katikati. Rupia ya Mjerumani ndiyo iliyokufa na utawala wake, na huku bara shilingi ikaja mwaka 1921. Unguja ilikuwa chini ya Mwingereza, ikitumia rupia ya Kihindi, na rupia hiyo iliendelea kutumika mpaka mwisho wa 1935. Kwa hiyo neno "zama za rupia" likitamkwa Unguja ni pana mno. Haliuthibitishi umri wa miaka mia, wala haliukanushi. Ni mfano mzuri wa jinsi ushahidi mmoja unavyobadilika maana ukivushwa mkondo wa Pemba, na mtengeneza filamu ambaye hakulelewa na hesabu zetu hana budi kuwa mwangalifu hapo.

Haki itendeke, lakini. Jina dogo la filamu linazungumzia hekaya na maisha ya Bi Kidude, kwa mpangilio huo huo, hekaya kwanza. Jones hakudai kutuletea cheti cha kuzaliwa. Tatizo langu ni jina kubwa. Kusema kwamba umri wako ni sawa na wa ulimi wako ni msemo wa Waingereza, tena wa zamani, uliokuwa ukitumika kwao tangu karne ya 18 kumnyamazisha mtu anayekuuliza umri. Nilipoutafsiri kwa Kiswahili kule Pangani, bibi yangu mdogo (mdogo wake bibi mzaa mama) alinitazama akasema, "Kwani ulimi nao una umri?" Watu wakacheka. Msemo haukuingia kwa sababu hautoki kwetu. Sisi mtu akikuuliza umri unamwambia umekula chumvi nyingi, au unamuuliza yeye anataka kuoa? Filamu inayotaka kumsikiliza Bi Kidude imevaa kilemba cha watu wengine mlangoni.

Akina mama wa Ngamiani walikuwa na lalamiko la namna nyingine. Hawakukana kwamba Bi Kidude alivuta sigara na kunywa, nani asiyejua? Walichouliza ni kwa nini jambo hilo lionyeshwe. Kadhalika unyago. Mmoja alisema waziwazi kwamba mambo ya unyago ni ya kweli, na ndiyo maana si ya kuonyeshwa wanaume sebuleni. Hii ni hoja nzito kuliko inavyoonekana. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kudhani kwamba kinyume cha ukweli ni uwongo. Kwa mama yule kinyume cha ukweli uliotangazwa ni ukweli uliositiriwa, na somo anayejua kazi yake anajua mpaka uko wapi. Bi Kidude mwenyewe aliupiga msondo hadharani, majukwaani, hadi Ulaya, kwa hiyo kama mpaka ulivunjwa, mwenyewe alikuwa na mkono wake. Swali hili namwachia mwenzangu wa kike alifanyie kazi, maana ana milango ambayo mimi sifunguliwi.

Nakuja sasa kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo kiini. Filamu ilipokwisha kule Pangani, wakati wengine wakibishana rupia na sigara, bibi mdogo aliuliza swali moja tu: "Na maneno kayatunga nani?"

Msomaji asiyelelewa na taarabu huenda asione uzito wake. Wimbo wa taarabu ya asili hauna mwenyewe mmoja. Kuna anayetunga shairi, kwa vina na mizani. Kuna anayelitia muziki. Kuna mwimbaji. Halafu kuna mtunzaji, yule anayenyanyuka kitini na noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomgusa, na akapita karibu na meza ya hasimu wake ili ujumbe ufike. Mtafiti Kelly Askew, aliyefanya utafiti hapa Tanga miaka ya 1990 na kuimba na vikundi vyetu, ameeleza vizuri katika kitabu chake cha 2002 jinsi mtunzaji anavyoufanya wimbo kuwa wake kwa dakika zile. Mtunzi na mtunzaji, maneno mawili yanayokaribiana, na katikati yao yuko mwimbaji ambaye pengine hana ugomvi na yeyote. Ukimchukua mwimbaji peke yake ukamfanya ndiye chimbuko la kila kitu, umepiga picha ya mlango ukaiita nyumba.

Tanga inalijua jambo hili kwa uchungu. Miaka ya 1960 vikundi vya Black Star na Lucky Star viliibadilisha taarabu ya pwani nzima kwa kuleta magitaa na mirindimo ya dansi, na santuri zao zikasikika Mombasa na mbali zaidi. Sauti ya Shakila Said, mzaliwa wa Pangani aliyefariki Agosti 2016, inajulikana na watu ambao hawajawahi kufika Tanga. Nao wote husema "wimbo wa Shakila". Sina ugomvi na Shakila, sauti ile ilistahili. Lakini bibi yangu mdogo alikuwa mshairi. Alikuwa na daftari la shule, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na mashairi kadhaa ya daftari hilo yaliimbwa na kikundi ambacho sitakitaja. Santuri ilipotoka iliandikwa jina la kikundi na la mwimbaji. La kwake halikuwamo. Alipewa kanga doti moja. Ameniambia jambo hili bila kulalamika, na mimi nalalamika kwa niaba yake.

Basi anapouliza maneno kayatunga nani, haulizi kama mtazamaji tu. Na filamu, kwa macho yangu, haina jibu la kumridhisha. Chukua Muhogo wa Jang'ombe, wimbo uliomtangaza Bi Kidude dunia nzima. Wazee wengi wanauhesabu kuwa urithi wa zama za Siti binti Saad. Chukua Kijiti, ambao Bi Kidude naye aliuimba. Huo ni wa Siti na wenzake, nao unasimulia kisa kilichotokea kweli Unguja: Kijiti alimuua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akatorokea bara, na wanawake wawili waliosimama mahakamani kutoa ushahidi ndio wakafungwa, kwa kosa la kununua pombe siku ile. Wimbo wenyewe ulikuwa ni filamu ya maisha halisi ya wakati wake, ukiikosoa mahakama ya mkoloni pale ambapo hakuna gazeti ambalo lingethubutu. Na watazamaji wake, yaani wasikilizaji wa Ng'ambo, walikuwa na uwezo wa kuusahihisha, kwa sababu wahusika waliwajua.

Nani aliutunga? Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001, ameonyesha kwamba kikundi cha Siti kilikuwa kikikusanyika nyumbani kwake Ng'ambo usiku, habari za mjini zikazungumzwa, na nyimbo zikatokana na mazungumzo hayo. Yaani mtunzi ni baraza. Akina Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruku wa Mombasa hawakuwa wapambe wa kumpigia Siti ala tu.

Hapa ndipo mwandishi wetu wa Tanga anapoingia. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa kwanza mwaka 1958 na baadaye kuwa kitabu. Pale Pangani watu walijisifia kitabu hiki kama dawa ya filamu: mtu wetu, lugha yetu, na mwanamke ambaye mama yake alikuwa Mzigua, kwa hiyo ni mpwa wetu. Nakubali kwamba Shaaban anamheshimu Siti kwa namna ambayo kamera haiwezi. Anatoka Fumba naye, anauza vyungu naye, anafika naye mjini mwaka 1911 na Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Lakini tusidanganyane. Wasifu nao umejengwa kumzunguka mtu mmoja, tena umeandikwa na mtu aliyeamini kwamba maisha ya mwanadamu huandikwa ili kufunza adili. Shaaban alimtafuta mtu mwema, Jones akamtafuta mtu wa ajabu. Kila mmoja alimpata aliyemtafuta, na baraza la watunzi likabaki gizani katika kazi zote mbili.

Mwanafunzi mwenzangu aliyesoma rasimu hii amenipinga. Anasema nahakiki taarabu kana kwamba ni kitabu. Katika fasihi simulizi, kila anayetamba ni mtunzi, na Bi Kidude hakuurudia wimbo, aliufinyanga upya. Hoja hii ina nguvu. Yeyote aliyesikia rekodi zaidi ya moja za Muhogo wa Jang'ombe kwa sauti yake atakubali kwamba hazifanani, beti zinaingia na kutoka kama abiria wa daladala. Kama ni hivyo, basi huo ndio utunzi wake halisi, na ndio ningependa filamu inionyeshe: ubeti huu ni wa Siti, huu umetoka unyagoni, huu kauzua mwenyewe jana. Badala yake tunaonyeshwa bibi kizee wa maajabu. Filamu ya pili ya Jones, I Shot Bi Kidude ya 2015, inafuatilia uvumi kwamba bibi huyo alitekwa siku zake za mwisho. Ni kisa kizito, nacho kinahusu tena mwili wake na watu waliomzunguka, si nyimbo.

Njia nyingine ipo. Ron Mulvihill na Kelly Askew walitengeneza filamu juu ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, na humo mhusika mkuu ni kikundi, na ushairi umetajwa hata kwenye jina. Tanga haijapata ya kwake. Wapiga gitaa wa zamani wanazidi kupungua, na madaftari yanaliwa na mchwa.

La bibi mdogo bado lipo. Nimeanza kulinakili, kwa ruhusa yake, kila nikienda Pangani likizo. Shairi la ukurasa wa nne ndilo lililoimbwa sana, na ni fumbo toka mwanzo hadi mwisho, kuna mtu anajibiwa pale. Nimemuuliza mara mbili ni nani. Mara ya kwanza alisema nikamletee maji. Mara ya pili alisema mwenyewe yuko hai, tena anakaa barabara ya nane.