Saratani ya Uume: Wakati Unaofaa wa Kuondoa Tezi za Kinena

Saratani ya uume huanza mara nyingi kwenye kichwa cha uume au kwenye govi, ikiwa kidonda kisichopona, kinundu au doa jekundu. Inaposambaa, hupita katika mishipa ya limfu na kutua kwanza kwenye tezi za kinena, upande mmoja au pande zote mbili. Hali ya tezi hizo ndiyo inayoonesha zaidi iwapo mgonjwa ana matumaini ya kupona.

Ugumu uliopo ni kwamba tezi zinaweza kuonekana salama ilhali zimekwisha kuingiliwa. Miongoni mwa wagonjwa ambao daktari hakuhisi uvimbe wowote kinenani, takriban asilimia 20 hadi 25 hubainika kuwa na chembe za saratani zilizojificha, ambazo ni ndogo mno kuonekana kwa picha za kawaida za hospitali.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha wagonjwa 40 ambao tezi zao zilikuwa na saratani. Nusu waliondolewa tezi kabla hazijavimba. Nusu nyingine walifanyiwa upasuaji baada ya uvimbe kujitokeza. Baada ya miaka mitatu, asilimia 84 ya kundi la kwanza hawakuwa wamefariki kwa saratani hiyo, ikilinganishwa na asilimia 35 ya kundi la pili.

Hata hivyo, upasuaji huo hauna budi kupimwa kwa uangalifu. Unaweza kusababisha maambukizi, kufa kwa ngozi ya jeraha na uvimbe wa kudumu wa miguu, na wagonjwa wengi wasio na uvimbe hawauhitaji. Kwa sababu hiyo, vituo vyenye utaalamu hupima kwanza tezi inayotangulia kupokea majimaji kutoka kwenye kidonda, njia iliyoasisiwa na daktari Ramón Cabañas wa Paraguay mwaka 1977. Ikikutwa na saratani, tezi nyingine za upande huo huondolewa.

Mwongozo wa pamoja wa mabingwa wa Ulaya na Marekani wa mwaka 2023 unaelekeza kuwa saratani ya juu juu isiyo kali ifuatiliwe kwa karibu, na iliyopenya ndani zaidi au yenye ukali mkubwa ichunguzwe tezi kwa upasuaji, hata kama kinena hakijavimba. Mgonjwa mwenye matoki achukuliwe sampuli ya tezi kwa sindano bila kuchelewa. Utaratibu wa zamani wa kumpa dawa za kuua bakteria kwa wiki kadhaa huku akisubiri hupoteza muda wa tiba.

Mwananchi mwenye kidonda au kinundu kisichopona kwenye uume anashauriwa kufika mapema katika kituo cha afya, na asikatize mahudhurio ya kliniki baada ya kidonda kuondolewa, kwa kuwa hatari iliyobaki huwa kinenani.