Kakai Kilonzo, Mkamba Aliyeimbia Kenya Nzima

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, benga ya Ukambani ilitawaliwa na bendi tatu: Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki na Joseph Mutaiti, na Les Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo. Muziki haukujua mipaka; kutoka Kitui hadi Mbooni, lugha ilikuwa moja.

Benga, muziki huu wa magitaa, ilizaliwa kwa Waluo, wapiga gitaa walipoiga mlio wa nyatiti, ala yao ya nyuzi. Wakamba waliipokea wakaipa sauti yao. Sikiliza santuri za Kilimambogo Brothers: gitaa la pili linapanda juu, linadonoa noti fupifupi za haraka, linajibizana na ridhimu na besi hadi usijue lipi linaongoza. Kisa kikiisha kuimbwa, magitaa huachiwa uwanja. Kwa kuwa santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili, na utamu wa magitaa ukamiminwa upande wa pili.

Bendi ya Kakai ilichukua jina la Kilimambogo, mlima ulio karibu na Thika. Alitunga kwa Kikamba, kisha akatunga pia kwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichompa mashabiki kote nchini. Hakulazimika kubadilisha mapigo; magitaa yalibaki ya Kikamba.

Kakai alifariki mwaka 1987. Alichothibitisha kingali na uzito: msanii anaweza kuzungumza na taifa zima bila kuacha mlio wa kwao.

Urithi huo unafaa kutunzwa, na Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, pamoja na makumbusho na maktaba. Kaunti za Ukambani, yaani Kitui, Makueni na Machakos, ziungane kukusanya santuri hizi. Lakini santuri pekee hazitoshi: lebo yake hutaja bendi na mtunzi. Mpiga besi na mpiga ngoma mara nyingi hawatajwi. Wazee waliopiga muziki pamoja nao na waliozicheza nyimbo hizo wangali wapo vijijini. Waulizwe majina hayo sasa, yaandikwe.