Shehena ya Chombo Kiitwacho Uhuru

Mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. San Marco lilikuwa la kurushia roketi, na Santa Rita la waongozaji. Mahali hapo palichaguliwa kwa hesabu. Dunia huzunguka kwa kasi kubwa kabisa katika Ikweta, na roketi ipaayo karibu nayo kuelekea mashariki hupata kasi hiyo bila gharama. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka hapo.

Iliyo mashuhuri kupita zote ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala. Ilikuwa ya Marekani, na kazi yake ilikuwa kutafuta miali ya eksirei itokayo katika nyota. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, aliipa jina la Uhuru.

Roketi iliyoichukua, Scout, ilikuwa ndogo, na setilaiti yote haikufika kilo 150. Jahazi likilemewa, nahodha huweza kutosa shehena baharini. Mhandisi wa setilaiti hana nafasi hiyo, wala hawezi kuirudisha gatini ikatengenezwe. Basi kila kitu kilichoomba kupakiwa kilipaswa kujibu swali moja: je, bila wewe kazi itashindikana?

Kwa sababu hiyo Uhuru haikupewa akili nyingi. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikahesabu miali na kuhifadhi hesabu katika utepe, kisha ikazipeleka chini. Kufikiri kuliachiwa watu. Hata utepe ulipoharibika, vituo vilivyo karibu na Ikweta viliendelea kuisikiliza ilipopita juu yake. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya elimu, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwangu mimi, hayo ni mavuno makubwa kwa chombo kilichojua kazi moja.

Zama zile programu nayo ilikuwa mzigo wa kushikika kwa mkono. Katika kompyuta ya Apollo iliyowafikisha watu mwezini mwaka 1969, maagizo yalisukwa kwa nyaya za shaba: waya uliopenya ndani ya pete ya sumaku ulikuwa moja, uliopita kando ulikuwa sifuri. Wanawake waliisuka kiwandani kama wasukavyo ukili wa mkeka. Kumbukumbu hiyo ilikuwa na maneno 36,864, na ile iliyoweza kufutwa 2,048 tu. Mwandishi wa programu aliyetaka kuongeza jambo alilazimika kufuta jingine.

Siku hizi kumbukumbu ni rahisi, na wanafunzi wengi hudhani kwamba taabu imekwisha. Haikwisha, imehama. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Uso mdogo kama huo hukusanya umeme haba wa jua, na kila kazi ambayo programu huiongeza huula umeme huo. Tena chombo kirukacho chini namna ile huonekana na kituo kwa dakika chache tu kila kipitapo, na picha iliyokwisha kupigwa hungoja zamu yake ya kushuka.